Ni nani aliyefika Saio?

Haya ni maneno niliyosema Jumamosi iliyopita hapa Bukavu, mtaa wa Kadutu, katika ukumbi wa parokia, mbele ya familia za askari wa zamani, walimu na vijana wa shule. Mvua iliwazuia wengi wa Bagira na Panzi, na wameomba wayasome. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.

Jambo yenu nyote! Jambo wazee wetu mlio mstari wa mbele, jambo wamama, jambo walimu wenzangu, jambo vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha.

Nianze na swali jepesi. Nani hapa hajui Kambi Saio? Hakuna. Mtu wa Bukavu anaijua tangu utotoni. Haya, swali la pili: Saio yenyewe iko wapi? Nasikia kijana mmoja anasema ni jina la komanda Mzungu. Mwingine anasema ni mto. Asanteni kwa kujaribu. Saio ni mji wa milimani magharibi mwa Ethiopia, siku hizi unaitwa Dembi Dolo. Toka hapa tulipokaa mpaka kule, ukienda kwa njia ya ndege, ni kilomita karibu 1,400. Waliofika huko mwaka 1941, wakapigana, wakaona njaa, wakashinda, walikuwa Wakongo. Walikuwa askari wa miguu. Kambi yetu hapa ikapewa jina la ushindi wao.

Majina ya mahali tunayo. Ukienda Kinshasa utapita barabara ya Asosa, ya Gambela, ya Saio, na yote matatu yanatoka katika vita hivyo hivyo. Majina ya mahali yamebaki. Majina ya watu yako wapi?

Leo sitawazungumzia majenerali. Majenerali wana vitabu vyao. Charles Tombeur, aliyeongoza jeshi la Kongo katika vita vya kwanza vya dunia, mfalme wa Ubelgiji alimpa ubaroni, na jina la mji wa Tabora likaunganishwa na jina la ukoo wake. Mimi nataka tumtafute yule aliyeingia Tabora bila viatu. Alitoka wapi? Alikula nini? Aliacha nani nyumbani? Aliporudi alipewa nini? Na alirudi kweli?

Tuanze na namna alivyoingia jeshini, maana hapo ndipo tunapodanganyana sana. Tunapenda kusema, babu alikwenda kupigana kwa ushujaa. Ushujaa alikuwa nao, nitauonyesha. Lakini wengi hawakuomba kwenda. Jeshi hilo liliitwa Force Publique, lilianzishwa enzi za Leopold wa Pili, Kongo ilipokuwa mali yake mwenyewe. Miaka ya mwanzo wako waliofikishwa kambini wamefungwa kamba shingoni. Baadaye, Ubelgiji ilipoichukua Kongo mwaka 1908, kamba zikapungua, hesabu ikabaki: kila teritwari ilipangiwa idadi ya vijana wa kutoa kila mwaka, na machifu ndio walioambiwa wawatoe. Utumishi wenyewe ulikuwa miaka 7.

Sasa jiulizeni, chifu akiambiwa atoe vijana, anaanza na nani? Anaanza na mtoto wake? Anaanza na mpwa wake? Alianza na mgeni asiye na ukoo. Alianza na yatima. Alianza na yule mwenye maneno mengi barazani. Kijana asiye na mtu wa kumsemea ndiye aliyekuwa askari wa kwanza wa nchi hii. Tulikumbuke hilo tunapomwona kwenye picha, kasimama wima na kofia nyekundu, bunduki begani.

Babu yangu mzaa mama alitolewa Walungu. Aliambiwa ampelekee karani wa boma gunia la chumvi, kisha arudi. Alifika, akatua gunia, akaambiwa avue shati. Mtu akamgonga kifuani kwa vidole, akamwangalia meno, akamfungua macho kwa kidole gumba, akaandika kitu. Jioni hiyo nyumbani walimngoja na chakula. Mama yake alikuja kumwona tena baada ya miaka mingi, naye akiwa kopolo, na inasemekana alimtambua kwa mwendo kwanza, uso ukafuata. Babu mwenyewe alipokuwa anasimulia hakulalamika kuhusu jeshi. Alilalamika kuhusu chumvi. Alisema wangemwambia tu ukweli, angemuaga mama yake vizuri.

Wandugu, lipo jambo zito ambalo sitalizunguka. Askari huyu huyu aliyechukuliwa kwa nguvu, alitumwa naye kuchukua wengine kwa nguvu. Enzi za mpira, watu walipolazimishwa kugema utomvu wake msituni, Force Publique ndiyo iliyochoma vijiji, ndiyo iliyoshika wanawake mateka mpaka waume zao walete mpira, na mikono iliyokatwa tunaijua wote. Miaka ya baadaye pia. Desemba 1941, miezi mitano tu baada ya ushindi wa Saio, wafanyakazi wa migodi ya kampuni ya Union Minière kule Lubumbashi waligoma wakidai mshahara. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, na askari wakaamriwa kufyatua. Makumi ya watu walikufa pale. Aliyefyatua alikuwa Mkongo, aliyeanguka alikuwa Mkongo. Nayasema haya mbele ya familia za askari kwa sababu ninawaheshimu. Anayetaka kumkumbuka mtu amkumbuke mzima. Mimi sitaki tumjengee askari wetu sanamu ambayo yeye mwenyewe akiamka hataitambua.

Twende sasa mwaka 1914.

Vita vilipoanza Ulaya, Wabelgiji walitumaini Kongo itaachwa nje. Haikuachwa. Agosti ile ile Wajerumani walishambulia upande wetu wa Ziwa Tanganyika, wakazamisha mitumbwi, wakakata waya za simu, na siku chache baadaye wakaipiga bandari ya Lukuga, Kalemie ya leo. Tarehe 24 Septemba 1914 walichukua Idjwi. Ndiyo, Idjwi hii hii mnayopanda boti kwenda kununua mananasi. Aliyeishika Idjwi alilishika Ziwa Kivu. Kwa mwaka mmoja na nusu hivi mpaka wetu wa Ruzizi ulikuwa mstari wa vita: huku Force Publique, ng'ambo Wajerumani na askari wao Waafrika. Na kule kaskazini, Kibati karibu na Goma, hali ilikuwa hiyo hiyo. Vijana, mkivuka daraja la Ruzizi kwenda Kamembe mjue mnakanyaga wapi.

Aprili 1916 ndipo jeshi lilipovuka. Askari walikuwa kama 12,000, Wazungu mia saba na kitu. Kulikuwa na brigedi mbili: ya kaskazini chini ya Molitor, ya kusini chini ya Olsen, Mdenmark aliyekuwa akitumikia Kongo. Cyangugu ikachukuliwa mwezi huo huo, Kigali tarehe 6 Mei, Bujumbura mwanzoni mwa Juni, Kigoma mwisho wa Julai, halafu Tabora tarehe 19 Septemba 1916, baada ya mapigano makali ya Lulanguru na Itaga. Ramani inaonyesha hayo kwa mishale mizuri. Mishale haionyeshi miguu.

Hebu tuiangalie miguu. Askari wa Force Publique wa vita hivyo alitembea pekupeku. Toka Ruzizi mpaka Tabora, hata ungenyoosha njia kama kamba, ni zaidi ya kilomita 500, na hakuna aliyetembea kwa njia iliyonyooka. Alipanda milima ya Rwanda na Burundi kwenye mvua na baridi, akateremka kwenye nyika ya Unyamwezi isiyo na maji. Funza waliingia chini ya kucha. Funza anatolewa na sindano au mwiba, polepole, bila kumpasua, kidonda kinafunikwa na majivu. Asiyepata nafasi ya kukaa chini na kufanya kazi hiyo jioni, kesho yake anachechemea. Keshokutwa kidonda kinaoza. Anayechechemea anaachwa nyuma ya safu. Wangapi walimalizwa na funza? Hakuna jenerali aliyeandika ripoti ya funza.

Na bunduki yake? Wengi waliuanza mwaka 1914 na Albini, bunduki ya kizamani ya risasi moja moja. Unapiga, unafungua, unatoa ganda, unatia nyingine. Baruti yake inatoa moshi mweupe, kwa hiyo ukipiga tu umemwonyesha adui ulipolala. Adui naye, tuseme ukweli, askari wengi wa Wajerumani walikuwa na bunduki za moshi vilevile. Vijana wa Kiafrika wawili, kila mmoja nyuma ya wingu lake la moshi, wanatafutana kwa ajili ya wafalme wa Ulaya ambao hawajapata kuwaona.

Lakini hata askari huyo alikuwa na mtu wa chini yake. Nani alibeba risasi? Nani alibeba unga? Nani alibeba mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, gurudumu kwa huyu, mtutu kwa wale? Mpagazi.

Nataka mlifuate sanduku moja la risasi. Linashuka melini Matadi. Linapanda treni mpaka Kinshasa. Linapanda boti, wiki na wiki juu ya mto, mpaka Kisangani. Hapo kuna maporomoko, linashushwa, linapanda treni mpaka Ubundu. Linashushwa, linapanda boti mpaka Kindu. Na kutoka Kindu kuja huku Kivu hakuna treni, hakuna boti, hakuna lori. Kuna kichwa cha mtu. Kilo 25 hivi juu ya kichwa, kupitia misitu ya Maniema, kupanda milima yetu. Sanduku likifika Ruzizi limebadilisha vichwa mara ngapi? Na kila kichwa kilikuwa na shingo, na kila shingo ilikuwa na mama aliyeilea.

Katika vita vile vya kwanza Kongo ilichukua wapagazi wanaokadiriwa kuwa 260,000. Nairudia, maana masikio yanaweza kukataa: wapagazi 260,000. Ndiyo kusema kila askari mmoja wa 1916 alikuwa na wapagazi ishirini nyuma yake. Mwanaume akibeba risasi halimi. Asipolima, mke na watoto wanakula nini? Jeshi lilipopita lilichukua pia ng'ombe, maharage, unga. Ng'ambo, kaskazini magharibi mwa Rwanda, njaa ya miaka hiyo wazee wanaiita Rumanura mpaka leo. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, askari wa Kongo waliokufa walikaribia 2,000 na wapagazi walizidi 7,000. Wapagazi walikufa zaidi kuliko wenye bunduki, tena watafiti wengi wanaona hesabu hiyo ya wapagazi ni ndogo mno. Waliuawa na kuhara damu, na homa ya mapafu, na baridi ya mlima iliyomkuta mtu wa bondeni akiwa na kitambaa kimoja kiunoni.

Mzee mmoja wa Kabare, marehemu sasa, aliwahi kunieleza alivyosikia kwa baba yake. Mpagazi akianguka, kapita, yule msimamizi wao, kwanza aliangalia mzigo. Mzigo uliinuliwa, ukagawanywa kwa wengine. Mtu alisogezwa pembeni ya njia. Aliyekuwa na nafasi alimkatia majani ya mgomba ya kumfunika jua, na safu ikaendelea. Baba yake ndiye aliyekata majani. Hakujua yule mtu alitoka wapi, maana walikuwa hawaelewani lugha.

Halafu baada ya Tabora, nini? Wengine walirudishwa tena vitani mwaka 1917, wakafika mpaka Mahenge, kusini mwa Tanzania ya leo. Vita vikaisha, wakubwa wakakaa mezani. Ubelgiji ikapata Rwanda na Burundi. Tabora? Tabora walipewa Waingereza. Mji uliokula maisha ya vijana wetu ukakabidhiwa kwa kalamu. Aliyeuchukua hakuulizwa.

Kabla sijafika Saio, wamama naomba mnisikilize, hili ni lenu. Kambi ya askari wa zamani haikuwa ya wanaume tu. Mke wa askari aliishi kambini, na katika vita vya kwanza wanawake walifuata safu, wamebeba sufuria, mikeka na mtoto mgongoni. Nani alimpikia askari? Nani alimtoa funza jioni? Nani alimfunga kidonda? Yule mama hakuandikwa kwenye daftari lolote, hakupewa nishani, hakupewa hata kipande cha kitambaa mume alipokufa njiani. Bibi yangu, mke wa yule kopolo, alijua amri zote za jeshi kwa Kifaransa, moja baada ya nyingine, ingawa hakuwahi kusoma siku hata moja. Alizisikia kila asubuhi kupitia ukuta wa nyumba ya kambi, kwa miaka. Tulipokuwa watoto alikuwa anatuamsha nazo. Sijaona kitabu cha historia kilichomweka.

Haya, Saio.

Mei 1940 Ujerumani iliikanyaga Ubelgiji kwa siku 18. Mfalme alisalimu amri tarehe 28. Kongo ikabaki koloni la nchi isiyokuwa huru! Gavana Pierre Ryckmans akaamua Kongo itaendelea upande wa Waingereza. Italia ilikuwa imeishika Ethiopia, na mapema mwaka 1941 batalioni za Force Publique zikapelekwa Sudan, kisha zikavuka mpaka kuingia Ethiopia. Tarehe 11 Machi wakaichukua Asosa. Tarehe 23 Machi, baada ya siku mbili za mapigano, wakaichukua Gambela, bandari ya mtoni, joto la kuchemsha damu. Kutoka hapo njia inapanda mlimani kwenda Saio. Na huko juu Waitalia walikuwa wengi kuliko wao, wana mizinga, wamekaa mahali pa juu wanaona kila kitu kinachosogea chini.

Aprili wakajaribu kusogea. Ikashindikana. Wakakwama mbele ya kijito kiitwacho Bortai, na hapo masika yakaanza.

Vijana, mnaposikia neno vita mnafikiria nini? Milio? Babu hakuwahi kunisimulia mlio hata mmoja. Alisimulia mvua na njaa. Chakula kilitoka mbali huko Sudan, na barabara ziligeuka matope ambayo lori halipiti. Posho ikapunguzwa, ikapunguzwa tena. Walikula walichowinda na walichopata kwa wenyeji. Mwili unaokula chakula cha aina moja tu, tena kidogo, unashikwa na beriberi. Miguu inavimba. Babu alinionyesha namna walivyopimana: unabonyeza muundi wa mwenzako kwa kidole gumba, unatoa kidole. Shimo likijaa haraka, yuko sawa. Shimo likibaki, mnaangaliana, hamsemi kitu. Kila asubuhi walibonyezana miundi. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka minane hivi, akanibonyeza mguu wangu nione. Ugonjwa uliua wengi kuliko risasi pale.

Na katika hali hiyo walifanya nini? Walikwenda doria. Usiku na mchana, vikundi vidogo vidogo, huku wanapiga, kule wanapiga, ili adui asijue uchache wao wala njaa yao. Mtu ambaye muundi wake unabaki na shimo anatoka usiku kwenye mvua, komeo la bunduki kalifunga kitambaa na kulitia kwapani lisipate maji, anapanda mlima kwenda kujifanya jeshi kubwa. Ndiyo maana nilisema ushujaa wao nitauonyesha. Kwangu mimi ni huo. Si bendera.

Mwishoni mwa Juni nguvu mpya zikafika kutoka Kongo. Alfajiri ya tarehe 3 Julai 1941 wakashambulia. Siku hiyo hiyo Waitalia wakatoa kitambaa cheupe, na Jenerali Pietro Gazzera akasalimu amri kwa Jenerali Auguste Gilliaert. Majenerali 9 wa Italia walitekwa na maelfu ya askari wao, wafungwa wakawa wengi kuliko waliowateka. Wakati huo Ubelgiji yenyewe iko chini ya Hitler, haina hata mtaa mmoja inaoutawala. Ushindi wake wote mwaka ule ulikuwa mikononi mwa vijana ambao kwao, kambini, walikuwa bado wanachapwa kiboko mbele ya safu kwa kosa la kuchelewa. Na Haile Selassie alikuwa amerudi Addis Ababa tarehe 5 Mei. Mkongo aliyetawaliwa alisaidia kumrudisha mfalme Mwafrika kwenye kiti chake. Tumewahi kuwaambia watoto wetu hilo?

Baada ya Saio wengine walipelekwa Nigeria, Misri, Palestina. Hospitali moja ya vita ya Kongo ilifika mpaka Birmania, Myanmar ya leo, huko Asia. Mwaka 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alipokuja, alimvisha nishani mjini Kinshasa Kopolo Albert Kunyuku, aliyefika Birmania, mzee wa miaka 100. Ilisemwa ndiye wa mwisho aliyebaki wa vita vile. Nilifurahi, nawaambia kweli, machozi yalinitoka. Kisha nikapiga hesabu: tangu 1945 mpaka 2022. Wenzake wote walikuwa wamekwisha ondoka.

Maana kudai kukumbukwa hakukuanza jana. Paul Panda Farnana, Mkongo aliyesoma Ubelgiji, alijitolea kupigana huko huko Agosti 1914, akatekwa Namur, akakaa mfungwa Ujerumani. Alipotoka, mwaka 1919 akaanzisha Union Congolaise, chama cha Wakongo walioishi Ubelgiji, wengi wao askari wa zamani. Alidai askari wa Kongo asiyejulikana akumbukwe kama walivyokumbukwa wa Ulaya. Alifariki 1930, bado anangoja jibu.

Na waliobaki jeshini walipata nini? Februari 1944 askari wa Kananga waliasi. Cheche ilikuwa uvumi kwamba chanjo wanayotaka kuchomwa itawaua. Uvumi wa namna hiyo unashika wapi? Unashika pale ambapo mtu hamwamini tena mkubwa wake hata kwa dawa. Kuhusu vyeo ni wepesi kusema: mpaka uhuru unafika, mwaka 1960, hakuna Mkongo aliyekuwa ofisa katika Force Publique. Miaka 70 na zaidi ya jeshi, Tabora, Mahenge, Asosa, Gambela, Saio, Birmania, na Mkongo alikomea chini ya ofisa. Tarehe 5 Julai 1960 Jenerali Janssens aliwaandikia askari ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Jioni hiyo uasi ukaanza, na nchi ikawaka. Wengi wanasimulia uasi ule kama wazimu wa askari wasiosoma. Mimi ninawaomba walimu wenzangu, mnapoufundisha, anzeni na mtu wa Saio aliyerudi kopolo na akastaafu kopolo.

Sasa kazi iliyotuleta. Pale mlangoni kuna meza mbili, walimu wenzangu wameketi na madaftari. Kila mwenye babu, baba, mjomba aliyekuwa askari au mpagazi, vita vya kwanza au vya pili, asitoke bila kupita. Tuandikieni jina lake la nyumbani kwanza, kisha lile la ubatizo au la jeshini, maana karani mara nyingi aliandika jina alivyolisikia. Kijiji chake. Jina la mke wake, tafadhali, msiliruke. Mahali alipofika, hata kama mnajua neno moja tu, "Gambela", "Tabora", "kwa Waitalia", liandikeni hivyo hivyo alivyolitamka. Kama hamjui tarehe, acheni wazi, msibahatishe. Wenye kitabu chake cha uaskari, nishani au picha, msituachie: tutaipiga picha hapo mezani mbele ya macho yenu na mtarudi nayo nyumbani. Wazee wapite kwanza. Wasioweza kusimama wainue mkono, daftari litawafuata walipo.